Saa nane ya ndovu, saa kumi na moja ya kompyuta

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha mambo ya kompyuta nikaenda kulima. Mmekaribia kupata! Nilikuwa nyumbani Voi, na siku nyingi nilikuwa shambani kwa shangazi yangu, chini ya kilima cha Sagalla. Ila badala ya jembe nilishika kipakatalishi.

Kuna mada niliyoahidi siku nyingi: jinsi ya kuunganisha hifadhidata ya mfululizo wa wakati na kichakataji cha mkondo wa data. Najua majina haya yanatisha. Usifunge ukurasa, ndugu msomaji, nitayafafanua moja moja. Lakini sitaanza na programu. Nitaanza na ndovu, maana yeye ndiye aliyeniumbua.

Jirani zetu wenye mkonga

Kwa asiyefahamu kwetu: Voi ipo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Ina stesheni mbili za reli, ile ya zamani iliyojengwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Tumezungukwa na wanyama. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na Tsavo ndiyo yenye wengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Sisi tunalima mahindi, pojo na kunde. Wao wanapenda mahindi, pojo na kunde. Tatizo lenyewe ndilo hilo.

Sagalla imepata jina duniani kwa sababu ya nyuki. Mtafiti Lucy King, wa shirika la Save the Elephants, alionyesha kwamba ndovu huwaogopa nyuki, akabuni uzio wa mizinga. Unatundika mizinga kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita kumi, na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka wakiwa na hasira. Utafiti wa mashamba 10 ya Sagalla uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba uzio huo uliwarudisha asilimia 80 ya ndovu walioukaribia. Na asali unauza. Nani atakataa?

Shangazi na majirani zake watatu nao wana uzio wa aina hiyo, mizinga 24, kumi na miwili upande wa chini kwenye bonde na kumi na miwili upande wa juu penye njia ya watu. Shida ni kwamba ukame ukizidi nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi ndovu. Shangazi akaniambia, "Wewe si unasema kompyuta inaweza kila kitu? Basi initumie ujumbe waya ukitikiswa, nitoke na debe langu kabla hawajaingia."

Mtu akikupa kazi iliyo wazi namna hiyo, huna pa kukimbilia.

Wala wazo lenyewe si geni hapa Kenya. Mwaka 2008 magazeti ya dunia yaliandika habari za Kimani, ndovu dume wa Ol Pejeta kule Laikipia, aliyevishwa ukosi wenye laini ya simu. Kila alipokaribia mashamba, ukosi ulituma SMS. Mwaka 2014 Jake Wall na wenzake walichapisha njia nne za kuchunguza data ya kosi za ndovu papo hapo: ndovu kukaribia kitu fulani, kuvuka mpaka uliochorwa kwenye ramani, kubadilisha mwendo, na kusimama mahali pamoja kupita kiasi. Hiyo ya mwisho inaweza kumaanisha kwamba ameuawa. Huo, ndugu msomaji, ndio uchakataji wa mkondo wa data. Husubiri mwisho wa mwezi ndipo usome ripoti. Unaiuliza data maswali ingali inapita.

Tangi na bomba

Fikiria bomba la Mzima, lile linalotoa maji ya chemchemi Tsavo Magharibi hadi Mombasa. Kichakataji cha mkondo ni kama fundi anayesimama kwenye bomba, akiangalia maji yanavyopita: yamepungua? Yamechafuka? Piga simu sasa hivi. Hifadhidata ni tangi. Kesho na mwaka ujao utalifungua uone kulikuwa na nini.

Hifadhidata ya mfululizo wa wakati ni tangi la aina ya pekee. Kila kinachoingia kina muhuri wa wakati, na karibu kila swali linahusu wakati: usiku wa jana kulitokea nini, au wiki hii ikilinganishwa na iliyopita. Mizinga 24, kila mmoja ukituma salamu kila dakika tano, ni ujumbe 6,912 kwa siku hata kama ndovu hajaja. Kwa kuwa nyakati hizo zinafuatana kwa mpango, zinabanwa vizuri sana. Mwaka 2015 wahandisi wa Facebook walieleza mfumo wao wa Gorilla, ambao badala ya kuandika kila saa kamili, huandika ni kiasi gani pengo la sasa linatofautiana na pengo lililotangulia. Pengo likiwa lilelile, unaandika biti moja tu. Kipimo cha baiti 16 kilishuka hadi wastani wa baiti 1.37! Ndiyo maana hatutumii jedwali la kawaida kwa kazi hii.

Mimi nilichagua InfluxDB, iliyoanza mwaka 2013. Kila mzinga ulipata kihisi cha mtikisiko, kidude kidogo chenye betri na redio ya LoRa inayofika mbali bila kula umeme mwingi. Ujumbe unakwenda kwenye kituo cha kupokelea kilicho juu ya paa, chenye paneli ya sola, na kituo kinautuma kwenye seva kwa mtandao wa simu. Kwenye seva niliweka programu fupi ya Python. Ikipokea ujumbe, inauandika kwenye InfluxDB. Ikiona mizinga mitatu ya jirani imetikiswa ndani ya dakika tano, inatuma SMS. Upepo kwa kawaida huyumbisha mzinga hapa na mwingine pale, lakini ndovu husukuma waya, na mizinga ya jirani huyumba pamoja.

Kitu kimoja nilijivunia sana. Mtandao ukikatika, kituo kilihifadhi ujumbe wote na kuutuma mtandao ukirudi. Hakuna data inayopotea! Nilijiona fundi kwelikweli.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Mei 2024, usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 10. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, giza totoro. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba.

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu za nyumba nne zililia kwa pamoja. SMS 31, zote zikisema jambo moja: NDOVU UZIO WA CHINI. Watu wakatoka na matochi na madebe, wakateremka bondeni. Binamu yangu, aliyekuwa anawahi matatu ya kwenda mjini, aliona heri apite njia ya juu, mbali na huko chini kompyuta ilikosema kuna ndovu.

Ndovu walikuwa juu.

Aliwaona akiwa hatua ishirini hivi kutoka kwao, majike wawili na mtoto. Na ndovu mwenye mtoto hana mzaha. Alirudi kinyumenyume, akageuka, akakimbia, akatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Akalala humo kimya akiwasikiliza wakipita. Mguu uliteguka, na kazini hakwenda kwa wiki mbili. Nikisema Mungu ni mkubwa, simaanishi kama neno la kupambia barua.

Kulipopambazuka shangazi alinipigia simu. Nikaanza, "Shikamoo shangazi." Hakuitikia.

"Mashine yako imesema ndovu wako chini sasa hivi. Mimi nimesimama hapo chini. Kinyesi kimeshapoa, na umande umeshatua ndani ya nyayo. Hawa walipita hapa saa nane. Kwa nini umetuambia alfajiri?"

Nilifungua kipakatalishi nikatazama mchoro. Mitikisiko yote imerundikana kama mnara mmoja, na chini yake pameandikwa 02:40. Yaani saa nane na dakika arobaini usiku! Nikafurahi. Nikamwambia shangazi kwamba kompyuta inakubaliana naye, mitikisiko ilikuwa saa nane, na bila shaka ni hao wanaopitisha SMS waliochelewesha.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ndovu wamepita kwenye uzio mzima kwa dakika moja? Walikuwa wanakimbia mbio za marathoni?"

Hapo ndipo tumbo liliponicheza.

Saa tatu za tukio moja

InfluxDB, kama hifadhidata nyingi, huweka wakati kwa UTC, na saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ile 02:40 haikuwa saa nane na dakika arobaini usiku wa kwetu. Ilikuwa 05:40 ya kwetu, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, dakika ileile SMS zilipotoka. Wapitishaji wa SMS hawakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Programu yangu haikuwa ikiandika muhuri wa wakati. Ukimpelekea InfluxDB kipimo kisicho na wakati, anakigonga muhuri wa saa ya seva wakati kinapoingia. Mtandao ulikatika usiku, na kituo kikahifadhi ujumbe kama nilivyokifundisha. Uliporudi, kituo kikamwaga mitikisiko yote ya usiku kwa mara moja. Saa kadhaa zikabanwa ndani ya sekunde chache, na kanuni yangu ya "mizinga mitatu ndani ya dakika tano" ikaona ndovu kila mahali. Hata upepo wa saa nne usiku ulihesabiwa kuwa ndovu.

Tukio moja, saa tatu. Shangazi anasema saa nane usiku. Simu yake inasema 02:00. Muhuri sahihi wa UTC ungekuwa 23:00, tena ya tarehe 9, siku iliyotangulia. Na kompyuta yangu ilikuwa na saa ya nne, isiyohusiana na ndovu hata kidogo: saa ya kupokea habari.

Wataalamu hutenganisha wakati wa tukio na wakati wa kuchakata. Mwaka 2015 wahandisi wa Google, akiwemo Tyler Akidau, waliandika makala kuhusu mfumo wa Dataflow, na sehemu kubwa ya makala ile inahusu tofauti hiyo. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimemweleza hata rafiki yangu. Lakini mezani, mtandao wa Nairobi haukatiki, nyakati hizo mbili hupishana kwa nusu sekunde, na unasahau kwamba ni mbili. Shangazi, ambaye hajasoma makala yoyote, aliupata wakati wa tukio kwa kugusa kinyesi. Kinyesi hakina habari na mtandao uliokatika.

Nilivyounganisha upya

Haya, wale mliokuja kwa ajili ya ufundi, sasa ni zamu yenu.

Kwanza, saa inaanzia kwenye mzinga. Kila kihisi nilikiwekea kidude cha saa cha DS3231, chenye betri yake ndogo. Hupotea kwa kama dakika moja tu kwa mwaka. Mara moja kwa siku kituo kinavisahihisha vyote. Muhuri unagongwa pale waya unapotikisika, kwa UTC, na hakuna programu yoyote njiani yenye ruhusa ya kuubadilisha. Mstari unaoingia InfluxDB sasa ni kama huu:

mtikisiko,mzinga=m07,uzio=chini nguvu=2.41 1715295600000000000

Namba ile ndefu ni idadi ya nanosekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Hiyo hapo ni saa nane kamili usiku ya tarehe 10 Mei 2024, saa ya shangazi.

Pili, katikati niliweka Kafka, iliyozaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011. Kafka ni daftari refu ambalo ujumbe huandikwa mwishoni tu na haufutwi mpaka muda uliopanga uishe. Kichakataji kikianguka, kikiamka kinaendelea pale kilipoachia. Nilitumia jina la mzinga kama ufunguo, ili ujumbe wa mzinga mmoja ubaki kwenye foleni moja kwa mpangilio wake. Zamani Kafka ilikuja na mzigo wa kuendesha ZooKeeper pembeni. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2025 mzigo huo umeondoka, na seva ndogo inapumua. Kwa mizinga 24 wengine mtasema nimeua mbu kwa nyundo. Ni kweli. Lakini nilitaka niweze kuurudia usiku ule mzima, ujumbe kwa ujumbe, na kuona mfumo mpya ungefanya nini.

Tatu, badala ya programu ya Python niliweka Flink, iliyotokana na mradi wa utafiti wa vyuo vikuu vya Berlin. Flink inajua wakati wa tukio. Swali ni hili: unataka kuhesabu mitikisiko ya saa nane hadi saa nane na dakika tano, lakini habari zinaweza kuchelewa, sasa utajuaje kwamba zote zimefika? Flink hutumia kitu kinachoitwa alama ya maji. Umeona mstari unaobaki ukutani mafuriko yakipungua? Alama ya maji ni mstari kama huo kwenye mkondo, unaosema: naamini matukio yote ya kabla ya hapa yameshafika. Niliipa dakika mbili za uvumilivu. Tukio linalofika baada ya alama kupita haliwaamshi watu tena, wala halitupwi. Linakwenda kwenye mkondo wa pembeni, na kutoka huko linaingia InfluxDB likiwa na muhuri wake wa kweli.

Hapo nilidhani nimemaliza. Wapi!

Alama ya maji ya mfumo mzima ni ile ya chini kuliko zote. Mzinga wa saba ulikuwa na foleni yake peke yake, betri ikafa, ukanyamaza, na mfumo mzima ukasimama ukiusubiri. Ni kama matatu iliyojaa pomoni lakini makanga anangoja abiria mmoja aliyekwenda kununua maji. Flink ina mpangilio wa kusema kwamba foleni ikikaa kimya dakika kadhaa, iachwe, safari iendelee. Uwashe tangu siku ya kwanza.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kihisi kimoja kilipata hitilafu kikatuma muhuri wa miaka mingi mbele. Alama ya maji ikaruka hadi huko, na kila ujumbe wa kweli ukahesabiwa kuwa umechelewa. Mfumo ukawa kiziwi kwa sababu ya mwongo mmoja! Sasa ujumbe wowote unaodai kutokea zaidi ya dakika moja mbele ya saa ya kituo unawekwa kando.

Nne, namna ya kuandika kwenye InfluxDB. Flink ikianguka na kuamka, inaweza kuandika mambo yaleyale mara ya pili. Nilihofia kuhesabu ndovu mmoja mara mbili. Lakini InfluxDB ikipokea kipimo chenye jina lilelile, lebo zilezile na muhuri uleule, inaandika juu ya kile cha zamani. Muhuri ukitoka kwenye mzinga, kurudia hakuna madhara, maana mara ya pili inaangukia palepale. Muhuri ukitoka kwenye seva, kila marudio ni kitu kipya. Unaona jinsi kosa moja linavyozaa mengine? Ila tahadhari: mwanzoni nilikata mihuri hadi sekunde, na kihisi kinachopima mara nne kwa sekunde kikawa kinajifuta chenyewe. Nikahamia milisekunde.

Tano, na hili ndilo shangazi analolijali, ni ujumbe wenyewe. Sasa kuna SMS za aina mbili. Tukio likiwa na umri wa chini ya dakika kumi, ujumbe unaanza na SASA. Likiwa la zamani zaidi, unatoka mmoja tu, asubuhi: HABARI YA USIKU, uzio wa chini ulitikiswa saa nane, ndovu wanaweza kuwa popote. Na saa zinaandikwa kwa Kiswahili, maana aliyetoka usingizini gizani hapaswi kupiga hesabu. Hesabu naipiga mimi: chukua saa ya UTC, toa tatu, ikizidi kumi na mbili ondoa kumi na mbili. Ishirini na tatu toa tatu ni ishirini, ondoa kumi na mbili, inabaki nane. Ukipata sifuri au chini ya hapo, ongeza kumi na mbili.

Nililolikosa kabisa

Nilipokwenda kuwaonyesha majirani mfumo mpya, nilidhani watanishangilia. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja akauliza, "Kijana, usiku ule mtandao haukuwepo. Sasa kwa hii mpya, saa nane tungejua?"

Nikasema hapana. Tungejua alfajiri, ila tungejua kwa usahihi kwamba tumechelewa.

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini lilikuwa swali zito kuliko yote. Nilikuwa nimetengeneza shahidi mkweli, nao waliomba mlinzi. Kutoka kwenye mzinga hadi nyumbani kwa shangazi ni mita mia tatu, na mimi nilikuwa naipeleka habari kwenye seva ya Ulaya kisha nairudisha. Kwa hiyo nilirudi nyuma hatua moja. Kanuni ile ya mizinga mitatu sasa inaendeshwa pia ndani ya kituo chenyewe juu ya paa, na kituo kina king'ora kinacholia hata mtandao usipokuwepo. Flink na InfluxDB zimebaki na kazi yake halisi: kukumbuka, kulinganisha misimu, na kunionyesha mzinga upi umekufa.

Nikaongeza jambo la mwisho. Seva ikikosa kukisikia kituo kwa dakika kumi na tano, inatuma SMS: SISIKII UZIO, MSINITEGEMEE. Hili ni wazo la shangazi. Alisema mlinzi anayekiri kwamba amesinzia ana faida kuliko yule anayeamka alfajiri na kupiga kelele.

Kumbukumbu nazo zina kazi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mkulima haki ya kudai fidia mazao yake yakiharibiwa, na madai hupitia kamati ya kaunti. Ukienda na rekodi inayosema ndovu waliingia saa nane usiku upande wa chini, huku nyayo zikisema hivyohivyo, una la kuonyesha. Ukienda na rekodi inayosema mashamba yote yalivamiwa dakika moja alfajiri, watakuona mwongo, na watakuwa na haki.

Msimu uliopita ndovu walikuja mara kadhaa. King'ora kililia, madebe yakapigwa, na mara moja walivuka wakala pojo za jirani hata hivyo, maana mizinga minne ilikuwa haina nyuki. Kompyuta haiwezi kuwa nyuki. Binamu yangu anatembea vizuri, ila kabla ya kushika njia ya juu alfajiri anaitazama simu yake, na neno la kwanza analotafuta ni SASA.

Ukitaka kujaribu haya nyumbani, huhitaji ndovu. Chukua kihisi cha joto, tangi la maji, hata banda la kuku. Chomoa mtandao kwa saa nne, kisha urudishe, halafu tazama mchoro wako. Ukiona mnara mmoja uliorundikana, unajua pa kuanzia. Nami nikijaliwa, na stima isipokatika, mara nyingine nitaeleza jinsi ya kupunguza data ya zamani bila kupoteza usiku wa maana.

Hadi hapo, tuko pamoja.